Muhuri wa Kumi

Detlef Tiedtke alimpiga mkewe siku ya pili ya Krismasi, saa saba mchana, bata bukini akiwa mezani hajakatwa paja la pili. Alimpiga ngumi, si kofi. Na chanzo chake ukiambiwa utacheka, halafu utajionea aibu kwa kucheka: walikuwa wanabishana mtu aende mara ngapi kwa mwaka kwa daktari wa meno.

Carola alikuwa anatafuna upande wa kushoto tu. Upande wa kulia, juu, palikuwa na pengo la mwaka uliopita, na gego lililopakana na pengo lilikuwa linamsumbua tangu Septemba. Alichukua tonge la viazi, akalilainisha kwenye mchuzi, akawa analizungusha mdomoni taratibu. Mama mkwe wake, Hannelore, bibi wa miaka themanini na mbili, alikuwa anakula vizuri kuliko yeye, tena kwa meno ya bandia juu na chini.

"Tafuna kama mtu," Detlef alisema.

"Linauma."

"Linauma, linauma! Ijumaa si unakwenda? Atalitazama."

"Daktari alisema nirudi Juni. Kwa mdomo kama wangu, alisema, kila miezi sita. Ningekwenda Juni lisingefika hapa."

Detlef aliweka kisu chini. Mwaka wa thelathini sasa alikuwa fundi wa kuandaa magari ya watu kwa ukaguzi, na dunia yake yote ilikwenda kwa tarehe za ukaguzi. Gari, miaka miwili. Bomba la moshi la nyumba, mwaka. Meno, mwaka. Aliyemwambia vinginevyo alikuwa amemtukana.

"Bima inasema mara ngapi?"

Carola aliendelea kulizungusha tonge mdomoni.

"Nimekuuliza. Bima inasema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja, muhuri mmoja. Sasa wewe ni nani, unajua kuliko bima?"

"Mara moja ni ya muhuri, Detlef. Meno hayajui muhuri."

Hannelore akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, cha puani, labda hata hakukikusudia. Lakini kumcheka Detlef mbele ya mkewe, tena mama yake mzazi, loo! Carola aliona shingo ya mumewe ikibadilika rangi, akajua, akaanza kuinuka. Hakuwahi.

Ngumi ilimpata chini ya sikio, upande ule ule wa kulia. Kiti kilikwenda nyuma naye akaenda nacho, kisogo kikagonga kabati la vyombo. Alipofumbua macho alikuta bakuli la kabichi nyekundu limemwagika kwenye zulia, na kwa muda hakujua kabichi ni ipi na damu ni ipi. Detlef akazunguka meza bila haraka, akampiga teke la mbavu, moja tu.

"Okota," alisema. "Zulia hilo nimelisafisha Jumamosi."

Carola aliokota kwa vidole, huku ameziba mdomo kwa mkono wa pili. Katika kabichi akakuta kipande cha gego lake. Alikitia mfuko wa aproni. Hannelore aliendelea kula.

&nbsp;

Kwetu hapa Zeitz, Ujerumani, wiki ya mwisho ya Desemba watu hukimbilia sehemu mbili: kwa muuza fataki na kwa daktari wa meno. Fataki ni za mwaka mpya. Kwa daktari wa meno wanafuata muhuri. Kila mtu ana kijitabu chake, kikaratasi tu kilichokunjwa, na ukienda kukaguliwa meno unagongewa muhuri wa mwaka huo. Ukifikisha kumi mfululizo, siku ukihitaji kutengenezewa jino bima inakuongezea fungu nono. Ukiruka mwaka mmoja, yote yamekwenda na maji, unaanza moja. Ndiyo maana utawaona watu wazima na heshima zao wanasukumana kliniki tarehe ishirini na nane, na mwaka mzima hawakuonekana.

Vijitabu vya nyumba ya Tiedtke vilikaa kwenye bati la biskuti juu ya friji, na aliyelifungua ni Detlef peke yake. Alhamisi asubuhi alilishusha, akakitoa cha Carola, akakifungua mezani.

"Tisa," alisema. "Tangu 2009. Tisa bila kuruka."

Carola alikuwa ameketi karibu na dirisha, mfuko wa njegere za barafu shavuni. Uso ulikuwa umevimba mpaka jicho la kulia limekuwa mstari. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, haukuzidi hapo.

"Achana nayo," Hannelore alimwambia mwanawe. "Mtu hawezi kutoka na uso huo. Watu wataona."

"Niache? Miaka tisa, Mama! Niiache iungue kwa ajili ya siku moja? Na daraja la meno la kuziba lile pengo, nani atalilipa? Binti wa kaka anaolewa Mei, picha zitapigwa, mke wangu acheke na mlango wazi?"

"Ungefikiria hayo jana."

"Nani kaongea na wewe?"

Hannelore akarudi kwenye kahawa yake.

Nawaambia, mtu yule alikuwa kwenye mtihani wa kweli, na alihangaika nao hasa. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Miadi ya Septemba aliiahirisha mwenyewe kwa simu, maana Septemba Carola alikuwa na jicho lililovilia damu. Sasa ilikuwa imebaki miadi moja tu: Ijumaa, saa nne na dakika arobaini. Saa sita kliniki inafunga mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Akimpeleka, daktari ataona. Asipompeleka, kumi inakuwa sifuri. Mume mwingine angemficha mkewe ndani, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Detlef hakuwa na uwezo wa kutazama karatasi yenye tisa akaiacha bila ya kumi. Basi, ubahili na utaratibu vikaishinda hofu.

Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya Carola.

"Ulianguka. Ngazi za chini, za kwenda stoo. Ulibeba nini?"

"Viazi," Carola alisema kwa taabu.

"Ulianguka lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana mtu yuko mezani! Asubuhi. Ulikuwa unaleta viazi vya kupika." Akauondoa ule mfuko wa njegere, akaweka kidole gumba juu ya uvimbe, akakandamiza. "Ulianguka lini?"

Maumivu yalimpanda mpaka utosini. Machozi yalimtoka bila kulia.

"Asubuhi. Asubuhi! Viazi, ngazi, asubuhi."

"Umeona? Si vigumu." Akamrudishia njegere zake, taratibu kabisa, akaenda kuosha gari.

Alipotoka, Hannelore alikuja na kibweta chake cha poda, akaanza kumpaka mkwewe shavu. Mkono wake ulijua kazi. Ulikwishaifanya miaka mingi, kwenye uso wake mwenyewe.

"Ukimjibu ndipo anapopata pa kushika," alisema. "Baba yake alikuwa hivi hivi. Mimi nilipofika arobaini nikamwambia daktari, yang'oe yote. Mazima, mabovu, yote."

"Mazima?"

"Nikapumzika. Ya bandia hayapigwi, mwanangu. Nikimsikia anapanda ngazi nayatoa, nayaweka kwenye glasi. Akimaliza nayavaa, nampikia chai." Akarudi nyuma kidogo, akamtazama alivyompaka. "Na wewe fanya hivyo. Ulie mara moja, yaishe."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomtia Carola baridi. Siku zote alidhani Hannelore yuko upande wa mwanawe. Kumbe hakuwa upande wowote, alikuwa amekwisha tu. Carola alipitisha ulimi mdomoni, kushoto juu, kushoto chini, akahesabu yaliyobaki. Yalikuwa mengi. Akaingiwa na hofu ambayo hata ngumi haikuwahi kumtia, hofu ya kuketi jikoni humu humu miaka thelathini ijayo, ameridhika, meno yakiwa kwenye glasi.

&nbsp;

Ijumaa chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa mpaka watu wamesimama kwenye korido. Makoti mazito yalirundikwa juu ya redieta ya kupashia chumba joto, viatu vikamwaga theluji. Mzee Pfeil, dereva mstaafu wa treni mwenye mguu mbovu na magongo mawili, alikuwa amekamata kiti cha katikati na anawatania wote.

"Mwaka mzima mlikuwa wapi? Nadine, hawa usiwaangalie meno, wagongee mihuri kwenye paji la uso waende!"

"Na wewe, Mzee Pfeil, mwaka mzima ulikuwa wapi?" Nadine, msaidizi wa kliniki, alimjibu kutoka kaunta.

"Mimi nina meno manne, binti. Yanakuja kwa zamu."

Wakacheka. Kisha mlango ukafunguka, akaingia Carola na skafu imefungwa mpaka puani, Detlef nyuma yake amemshika kiwiko. Kicheko kikapungua. Pale kaunta ilimbidi aishushe skafu, aseme jina lake, na poda ya Hannelore ilikuwa imekwisha kuchuruzika kwa jasho.

"Mungu wangu," mama mmoja alisema.

"Ngazi," Detlef alisema kwa sauti, akaligeukia lile kundi zima kana kwamba lilimuuliza. "Nimemwambia mara mia, washa taa. Hasikii!"

Watu walitazama magazeti yao. Sisi tuna adabu hiyo mbaya, ya kutazama magazeti. Mzee Pfeil peke yake aliendelea kumwangalia Detlef, akajaribu kuinuka ampishe Carola kiti, akashindwa.

"Na mimi naingia naye," Detlef alimwambia Nadine. "Hawezi kuongea vizuri."

Daktari Brosig alikuwa mwanamke mfupi wa karibu miaka sitini. Alipomwona Carola hakusema Mungu wangu, hakusema pole. Alimlaza kwenye kiti, akavuta taa, akasema, "Fungua kadiri unavyoweza." Detlef alisimama miguuni, mikono kifuani.

"Ngazi za stoo," alisema. "Asubuhi. Alibeba viazi."

"Nimekusikia, Bwana Tiedtke." Daktari aliingiza kioo, akawa anamtajia Nadine, aliyeandika kwenye kompyuta. Juu kulia, pengo. Jirani yake, taji limevunjika, mzizi umebaki. Chini kulia, mawili yanacheza. Ndani ya shavu, pamepasuka. "Nahitaji picha ya taya."

"Ya nini? Sisi tumekuja kukaguliwa. Mwangalie, gonga muhuri, hilo gego tutalishughulikia Januari."

"Bila picha ukaguzi haujakamilika. Na ukaguzi usipokamilika sigongi muhuri."

Sijui kama kuna kanuni ya hivyo. Nadhani hakuna. Lakini Detlef alikuwa mtu wa ukaguzi, na maneno hayo yalimwingia.

"Haya, piga."

"Chumba cha eksirei anaingia mgonjwa peke yake. Mionzi. Subiri nje."

"Mimi mumewe."

"Hata ungekuwa kasisi. Nadine, mpe Bwana kiti kwenye korido."

&nbsp;

Mlango wa chumba cha eksirei ni mzito, una bati la risasi ndani yake la kuzuia mionzi, na ukifungwa husikii kitu. Daktari alimsimamisha Carola kwenye mashine, akampa kijiti cha plastiki cha kung'ata. "Uma hapa. Taratibu." Carola aliuma, mashine ikamzunguka kichwa ikilia, kisha kimya. Picha ilipotokea daktari aliitazama kitambo.

"Lina ufa," alisema. "Taya. Halijakatika, lakini ni ufa."

Carola alijifuta mate kidevuni.

"Mama Tiedtke, nina faili lako hapa. Nikusomee?" Akaanza kusoma kabla hajaruhusiwa. "2011, kona ya jino la mbele imemeguka. Umesema, mlango wa kabati. 2013, ufa kwenye chonge, umeanguka na baiskeli. 2015, mdomo umechanika ndani, mishono miwili, umeteleza kwenye barafu. Mwaka jana, jino lote limetoka na mzizi wake. Umesema mbwa alikuvuta ukaanguka." Akainua macho. "Nyinyi mna mbwa?"

"Hatuna."

"Ni nani?"

Carola alitazama mlango. Mara tisa, kila mara dakika kumi na tano, alikuwa amelala chini ya taa ile mdomo wazi, na mwanamke huyu ameyaona yote. Hasira ilimpanda, na haikuwa ya Detlef.

"Uliandika," alisema. Kila neno lilimuuma. "Kila mwaka uliandika. Ukanigongea muhuri, ukasema heri ya mwaka mpya."

Daktari akainamisha kichwa. "Nilingoja useme."

"Na mimi nilingoja uniulize!"

Wakasimama hivyo, wanawake wawili, kila mmoja ana haki na kila mmoja ana kosa.

"Sasa nimekuuliza," daktari akasema. "Nimechelewa, najua. Lakini sheria yangu ni hii: yaliyo kinywani mwako ni siri yako. Bila ruhusa yako siwezi kumwita mtu, siwezi kumwonyesha mtu faili hili. Ukisema ngazi, nitaandika ngazi, nitakugongea wa kumi, utaondoka naye. Ukisema jina, naita polisi sasa hivi. Na iko nyumba ya kuwahifadhi akina mama wanaopigwa, Nadine ana namba. Leo hulali kwako."

Carola alifikiria mambo ya kipuuzi. Nguo ziko kwenye mashine, zitavunda. Kitambulisho kiko kwenye droo. Halafu akakumbuka glasi, na meno ndani yake, na Hannelore akichemsha chai.

Za mwizi ni arobaini. Za Detlef zilikuwa kumi, na mwenyewe ndiye aliyezihesabu, mwaka kwa mwaka, na akamleta mkewe kwa gari lake mwenyewe ili zitimie.

"Detlef," Carola alisema. "Ni Detlef. Yote. Hata baiskeli."

&nbsp;

Daktari alimwagiza Nadine, naye akaenda chumba cha nyuma ya kaunta, chenye pazia, kupiga simu. Daktari alichukua kamera wanayopigia picha za meno, akaanza kumpiga Carola shavu, kisha ndani ya mdomo, kisha ubavu, sweta limeinuliwa. Polisi walisema dakika ishirini, barabara zina barafu. Ulikuwa mpango mzuri kama Detlef angekuwa mtu wa kungoja.

Detlef alingoja dakika nane. Kisha akaenda kaunta kuuliza muhuri. Hakumkuta mtu. Akakiona kijitabu kiko juu ya kaunta, kimefunguliwa, mstari wa 2018 mweupe, na muhuri umelala kando yake. Watu wanasema alinyoosha mkono augonge mwenyewe. Hapo ndipo alipomsikia Nadine nyuma ya pazia: "...ndiyo, mume, bado yupo hapa, njooni haraka."

Mlango ule mzito ulifunguka kwa kishindo, ukagonga ukuta. Akamwona mkewe amesimama sweta juu na kamera usoni.

"Umesema nini?" aliuliza. Aliuliza polepole. "Carola, umemwambia nini?"

Daktari Brosig akasimama mbele yake. Detlef alimsukuma kwa mkono mmoja tu, akaenda kugonga mashine, kiwiko kikalia kama kuni kavu. Kisha akamkamata Carola nywele, akamburuta mpaka chumba cha kiti, naye anaburutika, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Sinia ya vyombo ikaanguka, koleo na vioo vikatawanyika sakafuni. Akambana kichwa kwenye kiti cha wagonjwa, akampiga, akampiga tena palepale penye ufa, na Carola akasikia kitu ndani ya kichwa chake kikiachia.

"Miaka kumi!" Detlef alikuwa analia, machozi kabisa. "Miaka kumi nakuleta! Nani mwingine angekuleta? Umesema nini? Sema! Sema ni ngazi!"

Akamziba mdomo kwa kiganja huku anamwamuru aseme. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Na kidole gumba, kile kile kilichomkandamiza uvimbe jana yake, kikapita midomoni mwake, upande wa kushoto.

Carola akauma.

Aliuma kwa magego ya kushoto, mazima yote, yale Hannelore aliyomshauri ayang'oe. Taya la kulia lilikuwa limekatika na maumivu yake hayana jina, lakini aliuma, akasikia ngozi ikipasuka, akasikia mfupa, hakuachia. Detlef alipiga yowe. Alimpiga kichwani kwa mkono wa pili, mara tatu, mara nne, na yeye hakuachia. Damu ilimjaa mdomoni na safari hii haikuwa yake. Ndani yake kulikuwa na furaha, mbaya, nyekundu, hakuwahi kuijua, na baadaye hakuijutia.

Yowe lile liliwatoa watu kwenye magazeti. Mzee Pfeil alifika wa kwanza, kwa magongo yake mawili, sijui kwa mwendo gani, na gongo moja likatua mgongoni kwa Detlef. "Mwachie mama wa watu! Mwachie, mbwa we!" Likatua tena shingoni. Kisha wakaja wengine, yule mama aliyesema Mungu wangu, na vijana wawili waliokuja na mama yao, wakamwangusha, wakamkalia, na kidole kikatoka kwenye meno ya Carola kwa mvuto mmoja, kikining'inia.

"Kaniuma!" Detlef alipiga kelele, shavu limebanwa sakafuni katikati ya vioo. "Mmeona? Kaniuma! Andikeni hilo nalo!"

Wakaliandika. Polisi walipofika waliandika kila kitu, tena walikuwa na mashahidi kumi na tisa, wote wamekuja siku ile ile kwa sababu ile ile. Wakamfunga pingu mbele, kwa ajili ya bandeji. Alipopitishwa kaunta alisimama ghafla, mpaka askari akamvuta.

"Kijitabu," alisema. "Subirini. Hajagongewa. Leo ndiyo mwisho, saa sita wanafunga. Nadine, gonga, basi, tisa hizo zisipotee."

Chumba kizima kilimtazama. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. Aliomba kwa moyo wote. Wakamtoa nje kwenye theluji.

&nbsp;

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani, Carola alikuwa apelekwe mji wa pili kufungwa taya kwa waya. Alikuwa ameketi pale kaunta, blanketi mabegani, bandeji kutoka kidevuni mpaka utosini, na bakuli la kutemea mapajani. Daktari Brosig, mkono wake umefungwa skafu, alikuwa anaandika karatasi kwa mkono wa kushoto.

Nadine aligonga muhuri. Alishika kilicho karibu, ile kazi anayoijua. Tarehe ishirini na nane Desemba, wa kumi. Akafungua kitabu cha miadi, akauliza kama anavyowauliza wote, kabla hajajizuia:

"Miadi ijayo, Mama Tiedtke? Mwakani Desemba, kama kawaida?"

Kisha akaziba mdomo kwa aibu.

Carola alinyoosha mkono, akachukua kalamu kaunta. Kuongea hakuweza tena. Aliandika kwenye pembe ya kitabu cha miadi, herufi kubwa, na tone la damu likaanguka kando yake: *Juni.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Halafu Desemba. Halafu Juni.*

"Juni," Nadine alisema, akijikaza. "Sawa. Wiki mbili kabla huwa tunatuma kadi ya kukumbusha. Tutume nyumbani?"

Carola alitikisa kichwa, na kukitikisa kulimuuma sana. Akaishika tena ile kalamu.

*Msitume*, aliandika. *Nitakuja mwenyewe.*